Mzungu Aliyekataa Dagaa wa Kamba

Mtu anayeingia ziwani bila wavu, bila mzigo na bila abiria, mimi simwamini. Nimezaliwa Ujiji, nimeanika dagaa kwenye mchanga huu tangu nikiwa binti, na sikuwahi kuona mtu mzima akienda majini kufuata upepo tu, mpaka alipokuja Alasteri.

Alihamia Kasingirima, mtaa wa jirani, akiwa na miaka sitini na mbili. Walter, karani wa kutoka Moshi aliyepanga chumba kwangu, ndiye aliyetuambia kwamba kwao Skotilandi huyo ni lodi, mwana wa ukoo wenye ngome na ardhi ambayo huimalizi kwa miguu kwa siku moja. Alianza kuendesha tanga akiwa na miaka saba. Mkewe alipofariki alimwachia mdogo wake ngome, akazunguka bahari miaka kumi, kisha akaja kwetu na kujenga mashua yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Alisema chumvi ya bahari imemchosha. Chumvi gani hiyo inayomtoa mtu kwenye ngome?

Tena alikuwa na daftari. Akifika katikati ya maji hushusha kamba yenye kipande cha chuma, hupima kina, huandika. Wengine walisema anatafuta dhahabu iliyozamishwa na Wajerumani, wengine wakasema mafuta. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nikakaa macho.

Sasa, kwetu mtumbwi ukirudi asubuhi, yeyote aliyeko ufukweni hushika kamba na kuvuta. Na yeyote aliyeshika kamba hupewa konzi la dagaa, awe jirani, mpita njia au adui yako. Alasteri alipenda sana kuvuta. Aliacha viatu vyake, akakunja suruali, akaimba na vijana maneno ambayo hakuyajua. Lakini nikimpa dagaa wake anaweka mkono kifuani. "Hapana, mama. Asante." Miezi mitatu, kila asubuhi, hapana asante.

Nina mtumbwi mmoja, na ndio unaolisha nyumba yangu. Kisha samaki wakapungua miezi miwili, giza la mwezi la kwanza, giza la pili. Nehemia, mkuu wa wavuvi wangu, akanijia na kofia mkononi.

"Mama Verediana, hatuingii tena. Yule mzee anashika kamba yetu na hali chetu. Anayefanya kazi akakataa kula, anakula kitu kingine. Anatufunga kwa dawa."

Siku tano za giza, siku ambazo dagaa hufuata taa, mtumbwi wangu ulilala mchangani kama mgonjwa. Mitumbwi ya wenzangu iliingia. Nilikasirika hadi nikakosa usingizi, nikaenda kwake.

Alinikuta mlangoni pake. "Mwakeye, mama," akanisalimu kwa Kiha alichofundishwa sokoni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi, lakini sikumpa shikamoo. Nilimuuliza kwa nini anakataa dagaa.

Alifikiri kidogo. "Kwetu kuna ziwa. Baba alisema ni letu. Wavuvi walituletea samaki ili waruhusiwe kuvua. Nimekula jasho la watu hadi nikaota ndevu. Nilijiapia sitakula tena."

"Basi bado wewe ni bwana," nikamwambia. "Unachagua cha kupokea na cha kukataa, sisi tunangoja. Wavuvi wangu wanasema unatufunga."

Uso ulimbadilika. Mimi sikumwamini hata nusu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mdanganyifu naye anajua kulia.

Kesho yake upepo wa kusini ulivuma tangu alfajiri. Saa nne tulimwona anarudi kutoka Ilagala, mlingoti umevunjika, mashua inasukumwa kuelekea kwenye mawe. Siku zote huivuta peke yake kwa kapi alilofunga kwenye mti. Safari hii mawimbi hayakumpa nafasi. Watu kama kumi na watano tulisimama, mikono kifuani. Mashua yake haikuwahi kuleta kitu, na mkono mtupu haulambwi.

Niliingia majini nikashika kamba aliyoirusha. Msidhani ni huruma. Nilitaka kuona mtu asiyepokea atatoa nini. Nehemia alinitazama, akatukana, akaja nyuma yangu. Wengine wakafuata.

Mashua ilipokaa mchangani nikainyoosha mikono yangu. "Mgao wangu."

Alitafuta ndani ya mashua. Alikuwa na mkate mmoja uliolowa ukingoni, basi. Akaukata kwa kisu kidogo, akampa kila aliyevuta kipande chake. Vipande vikaisha, yeye hakubakiwa na kitu. Nehemia akakiangalia chake, akakimega, akamnyooshea nusu.

"Kula."

Mzee alitaka kuweka mkono kifuani. Nikamkazia macho. Akachukua, akala, machozi yakimchuruzika kwenye ndevu. Nehemia akapangusa mikono akasema, "Leo tunaingia."

Asubuhi mtumbwi ulirudi na ndoo mbili, si nyingi, si haba. Alasteri alivuta, akaleta kofia yake, nikaijaza. Akashukuru, akaondoka.

Lakini mimi ni Verediana. Kupokea ni kitu kimoja, kula ni kingine, na mtu anaweza kumpa paka. Nikamfuata hadi Kasingirima, nikapita nyuma ya nyumba, nikachungulia dirishani. Alikuwa amekaanga dagaa wote kwa mawese. Alikula polepole, vichwa na mikia, akifuta sahani kwa ugali. Nikabaki pale, nikisahau kujificha, mpaka alipogeuka macho yetu yakakutana.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kinywa kimejaa.