Hatua za Mama Reki

Wageni walimwita Mama Reki, maana hata salamu aliipokea ameegemea reki yake. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza vyumba sita vya kubadilishia nguo kwenye kifukwe kilichojibanza kati ya miamba miwili, mahali mawimbi yalipofika yakiwa yamechoka. Kila asubuhi alikokota mwani uliotupwa na maji, akaujaza kwenye toroli, akaumwaga ng'ambo ya barabara. Mchanga ukabaki mweupe pe, naye akamshukuru Mungu kwa kumpa mikono yenye nguvu.

Kazi ikiisha, alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi alama ya maji kujaa. Mwaka wa kwanza zilikuwa arobaini. Sasa zilikuwa kumi na moja.

Chumba cha saba ndicho alichoishi na mama mkwe wake, aliyepooza miguu.

"Ngapi leo, mwanangu?" kikongwe aliuliza kila siku.

"Thelathini, mama."

"Basi bado tupo tupo."

Siku moja akaja mpimaji wa halmashauri na fimbo yake ya rangi mbili.

"Mama, mwani huu unaupeleka wapi?"

"Jalalani. Uchafu huo."

"Huo ndio ulioshika mchanga. Bahari inapanda, na kifukwe kidogo hivi hakina pa kurudi nyuma, nyuma kuna barabara. Wewe ukakivua hata shuka lake."

"Niliambiwa nisafishe."

"Najua, mama. Na hata usingezoa, maji yangekuja. Yangechelewa kidogo tu."

Tangu hapo alianza kuurudisha mwani, toroli kwa toroli, huku wageni wakiziba pua. Akauombea, akautandaza mbele ya mlango. Kisha maji makubwa ya mwezi mpevu yakajaa saa kumi alasiri, jua linawaka, upepo hakuna. Hayakupiga kelele. Yaliupita mwani kama mtu anayeijua nyumba.

Aliingia ndani kumgeuza mkwewe ubavu. Mkono wake ukagusa ukuta. Ulikuwa umelowa.

"Ngapi leo?"

Alifungua mdomo aseme thelathini. Neno halikutoka.

"Tatu, mama."

Kikongwe alitega sikio ukutani. "Zamani nilisikia watoto wakicheza nyuma ya ukuta huu. Siku hizi nasikia maji yakilamba. Nilikuwa nangoja uchoke kunidanganya."

"Nisamehe. Niliogopa utaogopa."

"Niogope ili iweje, na miguu ya kukimbilia sina?" Akacheka upande mmoja wa mdomo. Kisha akamshika mkono. "Lakini mwanangu, yakiingia, usiniache humu."

Mama Reki alitoka. Toroli lilikuwa pale kizingitini, limejaa mwani. Akaumwaga wote majini, akalisuuza mara tatu, akatandika blanketi ndani yake, midomo ikisali bila sauti. Kisha akarudi kumbeba mkwewe.