Nafasi ya Kukaa katika Mitumbwi Mitatu

Hapa mwaloni Musoma, kwenye ufuo wa wavuvi, watu wakibishana habari za mitumbwi ya tanga, mwisho wao huwa ni kuja kuniuliza mimi. Sikusoma. Darasa la nne nililiachia njiani, baba alipohitaji mtu wa kuvuta nyavu. Lakini mitumbwi mitatu nimeiagiza mwenyewe kwa fundi mmoja, nikailipia mwenyewe, na hakuna mjomba wala kaka aliyenishika mkono. Wengine watakwambia mtumbwi ni mbao, wengine watakwambia ni tanga. Mimi nakwambia tazama nyuma, pale anapokaa mshika usukani. Tazama kama anaweza kunyoosha miguu. Halafu tazama tumbo la kuwekea mzigo. Hivyo viwili vinagombania mbao zilezile, kimoja kikinenepa kingine kinakonda. Ni jambo dogo, na ningefurahi kama ningekuwa nalijua kama wanavyolijua wengine, yaani kwa kusikia tu.

Wa kwanza ulijengwa wakati wa shida. Maduka ya Iringo siku zile yalikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Misumari haikuwepo, tuling'oa ya mitumbwi iliyooza tukainyoosha juu ya jiwe. Pamba ya kuziba kati ya mbao niliifuata Bunda kwa baiskeli, nikalala kwa mkulima mmoja, nikarudi na kiroba mgongoni kama mtoto. Tanga alilishona mke wangu kwa magunia yaliyochoka. Alilishona vizuri kuliko watu wanaojiita mafundi.

Mke wangu nilimtoa Butiama, kwa watu wa ng'ombe na mtama. Maji mengi aliyokuwa ameyaona maisha yake yalikuwa ya lambo. Siku ya kwanza alisimama mwaloni ameshika kandambili mkononi, akauliza, "Nikae wapi?" Nikamwonyesha nyuma. Akaingia taratibu, akakaa akinitazama, akanyoosha miguu mpaka ikafika chini ya ubao wangu, ikagusana na yangu. Akasema, "Kumbe. Hapa ni pakubwa kuliko jiko la mama."

Na palikuwa pakubwa kweli. Fundi aliponiuliza tumbo liwe na ukubwa gani, nilimwuliza na mimi, nitabeba nini? Kwenda ilikuwa mihogo mikavu na dagaa kidogo, kurudi ilikuwa chupa ya mafuta ya taa kama imepatikana. Basi mbao zilizobaki akazimalizia nyuma. Kulikuwa na ubao wangu, na mbele yangu ubao wa mke wangu wenye mgongo wa kuegemea. Chini ya ubao wake sanduku la chumvi, unga na sufuria. Katikati yetu boksi la mchanga lenye mafiga matatu. Alikuwa anasonga ugali tukiwa majini, mimi nimeshika usukani kwa kwapa, nanawa mikono ziwani.

Ndugu zake wa Butiama wakimwuliza anaishije na mtu wa samaki, alikuwaga anawajibu, "Mume wangu ana meli. Ina jiko na sebule. Kilichopungua ni cha kupika."

Halafu biashara ikafunguliwa. Sabuni ikarudi, sukari ikauzwa bila karatasi ya mwenyekiti, mitumba ikaja marobota kwa marobota. Watu wengi walishangaashangaa. Mimi sikushangaa, nilimfuata fundi. Nikamwambia nataka mtumbwi wenye tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache, na tangu siku ile akaanza kuniita tajiri, sijui kwa heshima au kwa utani. Akachora mchangani kwa kijiti. "Tajiri, tumbo likifika hapa, nyuma panaliwa."

"Paliwe," nikasema.

Mafiga yakaondoka, sanduku la chumvi likaondoka. Ubao wenye mgongo nao ukaondoka, kwa sababu pale ulipokuwa sasa palikaa magunia ya sukari. Mke wangu akawa anapanda juu ya marobota ya mitumba, kichwa kiko karibu na tanga. Hakulalamika. "Leo nimekalia makoti ya Wazungu," alikuwa akiniambia kutoka juu. Ila kuzungumza ilibidi tupaze sauti, na ugali ukawa wa kubeba, uliopoa.

Wa tatu ndio huu niliokuja kusifiwa nao ziwa zima. Kiwanda kilikuwa kinataka sangara, na kinamtaka akiwa na barafu. Wenzangu walifunga injini, zikawanywea faida yote. Mimi nilibaki na tanga, upepo haudai petroli. Fundi akanijengea kasha la barafu kutoka mlingotini hadi nyuma kabisa: kuta mbili za mbao, kati yake maranda yaliyoshindiliwa, ndani bati. Likagawanywa vyumba vitatu. Wakala wa kiwanda alitia mkono ndani mchana wa jua kali akautoa umekufa ganzi. Akasema hajaona kasha kama lile. Nyuma kulibaki ubao mmoja, upana wa makalio ya mwanaume mmoja, na miguu unaitundika juu ya mfuniko.

Nilijenga nyumba ya saruji kijijini kwetu, ng'ambo ya ghuba, yenye bati jekundu linaloonekana ukiwa majini. Mke wangu akabaki kule. Siku nilipompeleka kuuona mtumbwi mpya aliuzunguka wote, akafunua vifuniko, akachungulia. "Samaki wamepata vyumba vitatu," akasema. "Hongera zao." Tukacheka wote.

Hakuwahi kupanda.

Alipougua alipelekwa mjini kwa gari, kwa barabara ya kuzunguka, ile ya mashimo. Alilia njia nzima, yeye ambaye hata kujifungua hakuliaga. Ilikuwa uvimbe tumboni. Walimlaza, wakampasua, wakamfunga. Kisha daktari akaniita pembeni akasema ni afadhali arudi nyumbani. Alisema kwa adabu, na mimi nilielewa.

Kaka yake mkubwa alikuwepo, shemeji yangu. Akasema wamchukue Butiama, kule barabara ni nzuri, gari linapita Kiabakari halitikisiki sana. Mke wangu akasema, "Mimi nimeolewa ziwani. Nipelekeni kwangu. Na gari sitaki tena, nipitisheni majini."

Shemeji akanigeukia. "Una chombo cha kumbeba?"

Mimi kuulizwa vile. Nikamwambia nina chombo ambacho mkoa mzima wa Mara hauna. Akasema, "Basi tutaona. Kikishindikana, mchana huu tunaenda Butiama."

Asubuhi ile tukamweka kwenye mkokoteni wenye godoro, tukamsukuma polepole hadi mwaloni. Tukamkalisha kivulini chini ya turubai, ameegemea rundo la nyavu. Shida yake ilikuwa hiyo: kulala hawezi. Akilala chali pumzi zinakata. Lazima akae, na lazima aegemee.

Nikautazama mtumbwi wangu kama sijawahi kuuona. Juu ya kasha hawezi, foromali, ule mti unaobeba tanga, inapita hapo, na hakuna cha kuegemea. Nyuma ni ubao wangu, na mtu mzima wa pili hapati hata pa kuweka kisigino. Nikafungua chumba cha mwisho cha barafu. Nilikuwa nimekiosha kwa sabuni jana yake na bado kilinuka sangara. Nikamwuliza kama atavumilia humo, na mablanketi.

Akanitazama. "Unanipeleka nyumbani au kiwandani?"

Shemeji alicheka, kisha akajizuia. Mimi nikamwita fundi, ambaye alikuwa jirani pale anaziba mtumbwi wa mtu. Nikamwambia, "Kata hiki chumba. Nataka nyuma pawe kama kwenye mtumbwi wa kwanza. Ubao wake, na mgongo wake."

Fundi akagonga ukuta kwa kidole. "Tajiri, ukuta huu ndio unaoshika baridi ya kasha lote. Ukiutoa, barafu inakuwa maji hujafika hata mwalo wa kwanza."

"Kata."

Akatoa kamba mfukoni, akaenda kumpima mke wangu, kutoka nyonga hadi kichwani, kutoka nyonga hadi unyayo. Mke wangu akamwambia, "Fundi, nipime nilivyokaa. Usinipime kama nimelala." Fundi akasema, "Mama, ndivyo ninavyofanya." Wakatabasamu.

Tukaanza. Maranda yakamwagika hadi majini, bati tukalikunja tukalitupa pembeni. Misumari ya siku hizi ni mirefu na migumu, haitoki kama ile ya zamani. Mke wangu alikuwa anatuangalia na kuninyooshea kidole. "Mwacheni fundi apime, huyo anapimaga kwa magunia." Baadaye kidole akakishusha. Baadaye tena akasema, "Inatosha. Nipandisheni."

Nikamwambia, "Bado mgongo, mama. Bila mgongo utakosa pumzi."

"Ule wa zamani ulikuwa unanichoma hapa begani," akasema.

"Huu nitaupiga randa."

Nikaupiga randa mwenyewe. Ubao ukawa laini kama kiganja cha mtoto. Tulikuwa tunaupigilia, fundi ameushika na mimi nina nyundo, shemeji aliposema, "Shemeji, njoo." Hakusema kwa sauti kubwa. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amekaa vilevile, ameegemea nyavu, uso umeelekea kwetu. Nilidhani bado anatuangalia.

Sitasimulia habari za pale sana. Watu walikuja, wanawake wa mwaloni wakavua kanga zao wakamfunika.

Baada ya muda fundi aliitoa tena ile kamba. Hakuuliza mtu. Alimpima, safari hii alivyolala, kisha akaja mtumbwini akaitandaza ile kamba nyuma pale tulipojenga. Nafasi haikutosha. Ilikuwa ya mtu aliyekaa. Akanitazama, nami nikainama kuitazama ile kamba. Shemeji ndiye aliyepanda, akashika upande wa pili wa msumeno, wakakata na ukuta wa chumba cha katikati, na ule mgongo niliokuwa nimeupiga randa wakaung'oa kwa sababu ulikuwa njiani. Shemeji hakutaja Butiama tena. Aliposhuka akasema tu, "Alisema kwake. Mpeleke."

Tukavuka na upepo wa mchana. Nilikuwa kwenye ubao wangu na yeye mbele yangu, amelala, miguu yake kuelekea kwangu. Nafasi ya kunyoosha miguu ilikuwepo sasa. Yangu niliikunja safari nzima ili nisimguse. Bati jekundu lilionekana mapema, jua lilikuwa linalipiga, na hakuna aliyesema kwamba limeonekana.

Wakala alikuja baada ya matanga. Akachungulia kasha langu, akasema, "Umeharibu kitu kizuri sana," akaenda kumpa kazi mtu mwingine mwenye injini. Fundi amekuja mara kadhaa kuniambia kuta zinarudishika, kazi ya siku moja tu, hata malipo nisifikirie. Namwambia aache. Ananiita tajiri bado. Nimemwomba asiniite hivyo, lakini amezoea.

Mtumbwi tumeuvuta juu mchangani. Jua linaupasua, na pamba imeanza kutoka kati ya mbao, inaning'inia nyeupe kama pamba ya Bunda ikiwa bado shambani. Watu wanaoagiza mitumbwi mipya wanakuja kuutazama, na mimi nawaeleza yote, tumbo la huu na tumbo la ule, nyuma ya huu na nyuma ya ule. Nawaambia ukweli, kwamba Musoma hii, mpaka Bunda, hakuna mtumbwi wenye nafasi ya nyuma kama huu wangu. Wanakubali. Wengine wanapanda wanajaribu, wanasema kweli mzee, hapa wawili wanakaa na wanapika.

Wakiondoka napanda mwenyewe. Nakaa kwenye ubao wangu, upande wa usukani, nanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho. Haigusi kitu.