Aliyenirithi Nikiwa Hai

Sijamsamehe. Naanza na hilo ili usisome mpaka mwisho ukingojea tukumbatiane.

Miaka ile ya mwisho ya vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nauza vitenge kwenye duka la shangazi yangu pale mtaa wa Bwiza, Bujumbura. Mchana, duka likifungwa kwa sala na chakula, mimi nilikula mbiombio nikakimbilia siber. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta sita na feni moja, na kila mtu anamchungulia mwenzake. Huko ndiko nilikocheza ule mchezo wa Kifaransa. Haukuwa na picha, maandishi matupu, ndiyo maana hata intaneti yetu ya kujikokota iliuweza. Unaunda mtu wako, unampa kazi, anaishi katika mji mmoja na watu walioundwa na wachezaji wengine wa dunia nzima. Anakula, anafanya biashara, anapigana, anapanda cheo. Usipomlisha siku tatu anadhoofika. Siku ya tano anakufa, na aliyekufa harudi.

Mtu wangu alikuwa mganga, mama mzee. Nilimlea miezi kumi. Wachezaji wa Ubelgiji na Ufaransa, ambao labda huko kwao walikuwa wakubwa wa maofisi, walinipigia magoti wakiomba dawa na kuniita Mama. Chama chetu kilinivisha pete ya uongozi. Dukani mteja alikuwa ananionyesha kidole tu: “We kadada, teremsha ile ya juu.” Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ulikuwa mchezo tu. Nitamtukana.

Sasa, sisi wachezaji wa Bujumbura tulikuwa na shida ambayo wale wa Ulaya hawakuijua. Asubuhi unaamka unasikia risasi, barabara imefungwa, hutoki nyumbani siku mbili tatu, na mtu wako huko mchezoni anakufa njaa. Tukajitengenezea desturi. Kila mmoja alikuwa na mlezi: mchezaji mwenzako ambaye umempa neno lako la siri ili akulishie mtu wako usipoonekana. Na mlezi lazima awe wa mtaa mwingine, kwa sababu ilikuwa nadra mitaa yote kufungwa siku moja. Mimi wa Bwiza, mlezi wangu alikuwa mwanafunzi mmoja aliyekaa kwa kaka yake Mutanga Sud, karibu na chuo, na kule nako walikuwa na mashine zao, ingawa siku za utulivu alipenda kuja kuchezea siber yetu. Kwao kukichafuka namlishia shujaa wake. Kwetu kukichafuka ananilishia mganga wangu. Kijana mpole, anavaa shati la kupigwa pasi, ananiita “ma soeur”, dada yangu. Nilimwamini kama ndugu.

Halafu ikaja ile wiki ya mabomu kutoka milimani. Moja lilianguka kwenye avenue yetu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulitoka na nguo za mwilini, tukaenda Kigobe, ambako baba mdogo alikuwa dereva kwenye nyumba ya mkubwa mmoja. Tukalala gereji watu tisa, siku sita, na mama analia kila mlango ukigongwa. Nitakuambia ukweli hata kama ni aibu: mle gerejini nilijipa moyo kwa kufikiri kwamba mganga wangu anakula. Nilisema, angalau mmoja wetu anakula vizuri.

Siku ya saba tulirudi. Nilikwenda siber kabla hata ya kufagia vioo. Nikaandika neno la siri, nikasoma: umekufa, umeliwa na fisi wa kinamasi.

Nilifungua daftari la mchezo, lile linaloandika kila jambo lililompata mtu wako. Siku ya pili tu ya mabomu, mganga wangu alivua joho lake akampa shujaa wa mlezi wangu. Akampa dawa zote. Akampa pete. Halafu, uchi na mikono mitupu, akatoka lango la mji akaingia kinamasini. Ni mlezi wangu aliyemtembeza, hatua kwa hatua. Na sasa kiongozi wa chama alikuwa yeye.

Alipokuja siber nilikuwa namsubiri mlangoni. Aliponiona alishtuka, akafanya ishara ya msalaba.

“Ma soeur! Mi nilijua mumekufa,” akasema. “Watu walisema bombe imepiga avenue yenu.”

“Ulikuja kuangalia?”

“Barabara ilikuwa mubaya...”

“Toka Mutanga mpaka huku ni mwendo wa saa moja kwa mguu. Ulikuja? Ulituma mutu? Uliuliza hata mutoto mumoja?”

“Apana,” akasema. “Lakini mutu akiisha kufa, dawa ni za nini? Na sikutaka abaki pale peke yake na njaa. Ni jeu tu, ma soeur, ni muchezo.”

Loo! Mtu amenirithi nikiwa hai! Hata matanga hakunikalia, siku mbili tu keshavaa pete yangu. Angeniambia alinitamania mali, ningemwita mwizi yakaisha. Lakini alisikia kwamba nimekufa, akanyoosha mkono kwanza kuchukua joho. Nikaapa wallahi atakiona cha mtema kuni.

Sikumpigia kelele tena. Neno lake la siri nililokuwa nalo alilibadili siku ileile, nami nikamwacha afikiri nimemeza. Nikaunda mtu mpya, mwashi, na mimi ninayemchezesha nikajifanya mwanamume mjane wa miaka hamsini, mkaaji wa Montréal. Theluji sijawahi kuiona mpaka leo, lakini nililalamikia theluji vizuri kuliko wenyewe, maana nilikuwa nimewasoma wakilalamika miezi kumi. Saa zetu na za Kanada haziendani, nikasema nalinda ghala usiku. Nikajipeleka kwake kuomba kuingia chama chake. Nikamsifu, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nikambebea mawe ya ngome yake. Na kila mchana nikimkuta, swali langu la kwanza lilikuwa: kwenu leo vipi, uko salama? Sikuwa namwonea huruma, usidanganyike. Nilitaka kujua ni siku gani hatakuwepo.

Naye, maskini wa Mungu, akawa ananieleza kila kitu. Risasi zililia wapi, kaka yake kachelewa kurudi, mtihani umeahirishwa tena. Mara nyingine alikuwa ananiandikia kutoka mashine ya tatu, mimi niko ya tano, naona kisogo chake. Miezi miwili nilikaa kwenye kile kiti nikisoma siri za mtu nisiyemsalimia. Mwishowe akaomba mwenyewe: mtu wa Montréal umeme haukatiki, mabomu hayapo, ni mlezi gani anamzidi huyo? Akaniandikia neno lake la siri. Nilibana midomo nisicheke.

Sikulitumia siku ile. Nilingoja. Wiki ya tatu akaandika kwamba mama yake ni mgonjwa huko mkoani, anakwenda siku nne, nimlishie shujaa wake. Nikamjibu nenda salama, ndugu yangu, mlezi wako nipo.

Kesho yake mchana niliingia kwa jina lake. Nilimpeleka shujaa uwanjani, nikapiga kengele ya chama, wakaja watu zaidi ya thelathini. Nikaandika kwa mdomo wake: Mama Mganga hakuliwa na fisi kwa bahati mbaya. Ni mimi niliyemvua nguo na kumtoa nje, siku kwao kulipokuwa kunapigwa mabomu. Nikagawa joho, dawa, upanga, ngome, kila kitu, mpaka viatu. Wakamtukana kwa Kifaransa cha nchi zote! Halafu nikamtembeza mpaka kinamasini, taratibu, njia ileile. Na ili asinishuku, nilimpeleka na yule mwashi wangu wa Montréal akaliwe pamoja naye, daftari lionyeshe kwamba alimfuata kumwokoa. Nilirudi dukani natabasamu peke yangu. Shangazi akaniuliza nani ameniposa.

Siku ya tano nilikuwa nimekwisha kaa, mashine ya jirani na ile aliyoizoea, kabla hajafika. Uso wake nilitaka kuuona kwa macho yangu, sikutaka kuhadithiwa. Aliingia na vumbi la safari miguuni, akafungua, akasoma. Akaweka mikono kichwani. Akasoma daftari mpaka chini, midomo inamcheza. Roho yangu ilistarehe, haki ya Mungu. Nikafungua sanduku la barua la mwashi, kwa sababu hata mtu wako akifa barua zinaendelea kuingia, nikitaka nimsome akilia.

Alianza kuandika haraka haraka, anakosea, anafuta. Ujumbe ukaingia mbele yangu. Hakutaja upanga. Hakutaja ngome. Ameandika: “Kuna mwizi ameingia kwangu, na nimeona ulinifuata kule. Shujaa basi, ameenda. Lakini wewe mwenyewe, tangu siku ile hujaandika neno, huko kwako uko hai? Nijibu tu hilo.”

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa ameinamia kioo, anangoja, machozi yanamlengalenga.

Ndipo hasira ikanirudia mara mbili. Mimi mtu wa nyama na damu, mwendo wa saa moja kutoka kwao, bomu limepiga nyumba ya nne, hakuniuliza. Anamuuliza mtu wa uongo wa Montréal! Kwa hiyo swali lenyewe alikuwa analijua. Nilikuwa na maneno tayari, wiki nzima nimeyapanga: ni mimi, yule uliyemrithi. Nikafunga mashine, nikaondoka bila kuyasema.

Aliendelea kuandika kwa miezi miwili. Mwanzoni kila siku, halafu kila Ijumaa. Uko hai? Niambie tu uko hai. Nilizisoma zote, na sikumjibu hata moja.