Niliyaozesha Mahindi ya Mbegu

Tarehe tisa mwezi wa pili tulimzika mume wangu. Nilikuwa kwenye matanga siku agronomu wetu, Papa Kalunga, alipowaeleza wafanyakazi wenzangu kazi ya shamba la mbegu. Niliporudi, niliona mistari mingine mbelewele zake za kileleni ni kavu, hazitoi vumbi la uzazi. Niliihurumia kama wagonjwa. Nikaenda kukung'uta mbelewele za mahindi ya njano ya marehemu, nikanyunyiza vumbi lake kwenye ndevu za wale wagumba.

Siku ya kuvuna, mahindi yaliyotakiwa kuwa meupe yalikuwa na punje za njano.

"Ugumba huu tuliuchagua," Papa Kalunga alisema. "Wanaurithi kwa mama tu, katika vile vinu vidogo vinavyotia nguvu kila chembe hai ya mmea. Tunataka waolewe na mistari ya jirani, wasijizalishe wenyewe. Njo nani aliwaozesha kwa mutu mwingine?"

Mahindi ya njano aliyalima marehemu peke yake pande zile. Niliinua mkono nikingoja kufukuzwa, na kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wangu.

"Mama Furaha! Hata mahari haukuniletea?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya hayawezi kuwa mbegu. Beba, upikie watoto. Kesho uje nikueleze na wewe."

Wenzangu wakanitwika kikapu.