Nilivyompokea Mzee wa Kiitaliano Sauti Yake

Mimi shule hata darasa la pili sikumaliza, lakini mapafu ninayo. Nikiita mbuzi wangu hapa Itigi, mbuzi wa Manyoni wanageuka. Ndiyo maana kwaya ya kanisani walinipa sauti ya tatu, teno wanaita, na mwalimu wetu akawa mzee mmoja wa Kiitaliano.

Alikuja na wachimba visima. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Kumbe kwao alikuwa teno mkubwa, wa yale maigizo wanayoimba mwanzo mpaka mwisho. Mtu akichomwa kisu anaimba kwanza ndiyo afe. Nikamwambia, "Mzee, kwetu ukichomwa kisu unapiga yowe tu, basi." Alicheka mpaka meno ya bandia yakaruka, nikayadaka kama golikipa.

Aliimba miaka na miaka. Halafu siku moja, ukumbi umejaa pomoni, akafika pale juu kabisa pa wimbo, sauti ikakatika. Hakupanda jukwaani tena.

"Nataka kuipata mara moja tu," aliniambia. "Mbele ya watu. Halafu nife."

"Usife, Mzee. Ardhi ya huku ngumu, tutachoka kuchimba."

Kila asubuhi alikuwa nyuma ya kanisa anafanya mazoezi. Kuku wa jirani waliacha kutaga, nawaapia. Sauti inapanda, ikifika pale inakwaruza kama pampu ya baiskeli. Lakini ilikuwa inasogea, wiki hadi wiki.

Sikukuu ya mavuno akasimama kuimba. Kanisa limejaa, wengine wananing'inia madirishani. Jamani, yule mzee! Akapanda, akapanda, mishipa ya shingo imemtoka, uso mwekundu kama nyanya, macho kafumba. Akafika pale pale. Sauti ikaanza kutetemeka.

Sasa kwetu mtu akianzisha wimbo haachwi peke yake. Iwe harusi, iwe msiba, iwe shambani tunalima pamoja, lazima apokelewe. Ukimwacha ni kama umemwona mwenzio anayumba na gunia kichwani, wewe umekaa unaangalia. Mama mmoja nyuma yangu akanifinya.

"Wee baba, mpokee mzee wa watu! Huoni anaumia?"

Nikampokea.

Niliishika ile sauti kwa mapafu yote mawili, na la tatu nikaazima. Bati la kanisa likalia. Vigelegele! Yule mama akanivisha khanga shingoni, watu wakanibeba juu. Huko juu nikamwona mzee kaenda kukaa benchi la besi, wale wa sauti nzito ya chini, kafunga mdomo, ananipigia makofi taratibu.

Kesho yake nikamfuata kwake. Alikuwa anakunja mashati.

"Shikamoo, Mzee. Mbona jana ulikaa?"

"Marahaba." Akakunja shati lingine. "Nilikuwa nayo. Ilikuwa inakuja, niliisikia."

"Basi Jumapili uimbe tena. Mimi nitakaa kimya, hata kukohoa sikohoi."

"Hairudi, kijana wangu. Nina miaka mingi."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Wiki ile ile akapanda treni, akaenda zake.

Mpaka leo sokoni wananiita aliyemshinda Mzungu. Nimewaambia sikumshinda, nilimnyang'anya. Wanacheka, wanasema huyu naye kwa uongo wake, halafu wananiomba niwaimbie.