Makovu ya Shemeji Yangu Tauno

Baada ya mazishi ya shemeji yangu Tauno, watu waliokunywa kahawa yetu katika ukumbi wa kanisa walianza kunong'ona kwamba makovu ya uso wake yalitokana na ulevi, na kwamba mama yake alimchoma kwa lami. Yote mawili ni uongo. Naandika ili watoto wa ukoo wa Tirronen wasije wakarithi maneno hayo.

Tauno alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, Veikko. Alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa kijijini, kwenye pipa la kutengenezea jibini, na kazi hiyo aliipenda kuliko kitu kingine chochote. Alipokaribia miaka ishirini, uso ulimjaa chunusi. Hazikuwa vile vipele vya ujana vya kuja na kupita, bali uvimbe mkubwa mwekundu wenye usaha, hadi shingoni na mgongoni.

"We Tauno, jana ulilala kichwa ndani ya mzinga?" wenzake walimtania.

"Nyuki wenyewe walinikimbia," alijibu, akacheka nao. Nyumbani hakucheka.

Kisha wateja wakaanza kusema watanunua jibini kwingine. Msimamizi, Bwana Nuutinen, akamwita.

"Kijana wangu, nenda nyumbani kwanza. Ukipona, rudi. Usipopona, nitatafuta mtu mwingine."

Kwetu sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa moto, ndiyo hospitali ya kwanza. Wazee wetu walizaliwa humo, na wafu wao walioshwa humo. Husemwa kwamba ugonjwa usiosikia sauna, pombe wala lami, huo ni wa kufa nao. Basi kila jioni mama mkwe wangu, Hilja, aliwasha moto, akamkalisha Tauno benchi la juu, akamchapa usoni kwa kitita cha matawi yenye majani, kama ilivyo desturi ya sauna, akamsugua kwa sabuni kali, kisha akampaka lami ya msonobari, dawa nyeusi itokayo kwenye mti huo, si ile ya barabara.

"Vumilia, mwanangu. Uchafu unatoka."

"Mama, kinachotoka ni ngozi."

Hakumchoma. Alimpaka kwa mikono ileile iliyomlea. Lakini uso ulizidi kuvimba.

Mwishowe Veikko alimpeleka mjini Kuopio kwa daktari wa ngozi. Hilja alikataa kubaki nyumbani, nami nikafuatana nao. Daktari Malmberg, mwanamke, aliukagua uso hadi shingoni.

"Anapakwa nini?"

"Lami," Hilja akajibu. "Tangu lini lami ikawa kosa?"

"Umefanya ulivyofundishwa, mama. Lakini nisikilize. Ndani ya ngozi kuna tezi za mafuta. Ujanani zinafanya kazi kupita kiasi. Mafuta na ngozi iliyokufa vinaziba vitundu, na vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu vinazaliana humo. Ndipo panavimba. Huu si uchafu, wala hauambukizi. Lami inaziba zaidi, na kusugua kunaumiza palipokwisha kuumia."

"Kwa hiyo nisimwoshe mwanangu?"

"Aoshwe, kwa maji ya vuguvugu na mkono mwepesi. Sauna aende, ila asichapwe uso."

Alimwandikia vidonge na dawa ya kupaka, akamwonya asitumbue kitu, na asikate tamaa, kwa kuwa nafuu ingechukua miezi. Tauno akauliza swali moja tu.

"Na jibini?"

Daktari akamwomba ruhusa, akainua simu, akamweleza Bwana Nuutinen mbele yetu kwamba ugonjwa huo hauambukizi.

Jioni ile Hilja aliketi saunani kando ya mwanawe, matawi mapajani, asiyainue. Lami hakuigusa tena.

Uvimbe ulipungua polepole. Makovu yalibaki, kwa sababu tiba ilichelewa. Nuutinen alimrudisha Tauno kazini, lakini akampanga chumba cha nyuma, kuosha makopo, mahali ambapo wateja hawamwoni. Tauno alivaa aproni yake, akaenda moja kwa moja kwenye pipa lake.

"Daktari amekwambia siambukizi," alisema. "Sasa unanificha kwa sababu gani?"

Nuutinen akampisha. Mfanyakazi aliyekuwa kwenye pipa akasogea pembeni. Tauno alisimama hapo hadi alipostaafu, uso wazi, na watu wa kijiji hiki walikula jibini lake.

Nyinyi watoto wa ukoo mmeniuliza pia kwa nini hakuoa. Sababu naijua. Siisemi; ni siri yake.