Siku Niliyowajeruhi Watu Kumi na Wanne kwa Kalamu

Nianze kwa kukubali aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana ukishuka Endebess leo ukauliza karani wa kwari ni nani, utaonyeshwa kwa kidole na mtu ambaye tayari anacheka. Ni mimi. Mimi ndiye niliyewavunja wenzangu mbavu, vidole na meno mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kiti, kikombe cha chai mkononi, bila kumgusa mtu.

Kazi yangu ilikuwa karani wa usalama kwenye machimbo ya mawe, yaani kwari, upande ule wa kuelekea mlimani. Jina la kazi lisikudanganye. Asubuhi nilikuwa nagawa kofia za plastiki (wa kwanza kufika ndio walivaa, waliochelewa walimwachia Mungu), jioni nazikusanya, na katikati ya hapo nalinda kitabu cha ajali. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene, na kila ukurasa ulikuwa na mchoro wa mtu, mbele na nyuma, amenyoosha mikono kama anayepekuliwa na polisi. Mtu akiumia unaandika jina, siku, kilichotokea, halafu unamwekea alama ya X kwenye mchoro pale alipoumia. Rahisi kabisa, sivyo? Lakini meneja wetu, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuwa na amri moja tu: "Ajali ni mtu akibebwa. Akitembea mwenyewe, hiyo si ajali."

Basi kitabu kikabaki kitupu miezi na miezi, na mimi nikakipangusa vumbi kila Ijumaa nikijiona mchapakazi.

Sasa kulikuwa na Nafula. Huyu ni mama mmoja mpole, mponda kokoto, anakaa chini kwenye gunia na nyundo yake kutoka asubuhi. Wiki tatu kabla ya mkasa wangu, kipande cha jiwe kiliruka kikamwingia kwenye jicho la kushoto. Alikuja ofisini akitembea mwenyewe (mnaona shida ilipoanzia), nikamsafisha na maji ya mtungi, nikamwambia itapoa. Haikupoa. Jicho likawa jekundu, kisha likaanza kufanya ukungu, na bila jina lake kuwa kwenye kitabu hakuna barua ya kampuni ya kumpeleka kwa daktari wa macho Kitale. Kila Jumatatu alikuwa anasimama mlangoni kwangu.

"Karani, umeniandika?"

"Bado mama, nangojea Bosi akubali."

"Jicho halimjui Bosi, karani."

Na mimi nilikuwa namjua Bosi sana, namwogopa kuliko radi, kwa hivyo Jumatatu ikawa inaenda na nyingine inakuja.

Siku ya Jumanne tukapata habari kwamba mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi. Nilifurahi! Kitabu si ni safi? Nikampigia simu rafiki yangu Rashid, tuliyesoma naye, anayekaa Bungoma mjini karibu na msikiti na kutunza stoo kwenye ujenzi. Nilitaka tu kujigamba. Badala ya kunipongeza, akaguna.

"Kitabu kiko tupu? Kabisa?"

"Tupu kama kilivyotoka dukani."

"Ati kwari ya watu hamsini na hakuna hata mtu alijikwaa? Bana, huyo mkaguzi atajua mnaficha. Wewe weka vitu vidogo vidogo. Kidole hapa, goti pale. Mambo ya kupona."

Hapo ndipo nilipopotea. Jambo dogo hivyo, ushauri wa dakika mbili. Nikafunga mlango, nikachukua orodha ya mahudhurio, nikaanza na Simiyu, kidole gumba, nyundo iliteleza. Nilipomaliza ukurasa nikauangalia nikaona, lo, umependeza! Nikaendelea. Wanyonyi, dereva wa tingatinga, nikampa mbavu mbili. Mlinzi wa geti nikamng'oa jino. Jamani, utamu wa kuandika uongo hakuna aliyewahi kunionya, kalamu ilishika moto, nikawa nabadilisha wino wa buluu na mweusi ili ionekane ni siku tofauti, kurasa nyingine naandika na mkono wa kushoto, na ukurasa mmoja niliumwagia chai kidogo kwa makusudi ili uonekane wa zamani (mtu akiniambia sina akili namkumbusha hiyo chai). Nilipofika wa kumi na tatu nikafikiria: itaonekanaje kila mtu aumie isipokuwa mwenye kalamu? Nikajiandika na mimi. Jiwe limeniangukia pajani. Wakati huohuo Bosi akaniita kwa kelele kutoka nje, nikashtuka, nikapiga X yangu haraka haraka kwenye mchoro bila kuangalia, nikafunga kitabu.

Nafula sikumweka. Naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu sitarudia: nilimfikiria, nikaona jicho ni jambo kubwa, mkaguzi atauliza alitibiwa wapi, nikamruka.

Bosi alipoona kitabu alitaka kunimeza, lakini nilipomweleza akatulia. "Wote walipona?" "Wote, Bosi." "Hakuna aliyebebwa?" "Hakuna." Akafurahi mpaka akapita mipaka, akasema kwa vile sheria inataka wafanyakazi wajulishwe habari za ajali, nitoe kopi za kurasa zote nizibandike kwenye ubao wa getini, mkaguzi aone jinsi tunavyofanya mambo waziwazi.

Nikabandika. Jumatano saa sita, watu wakitoka kwenda kula, ubao ulikuwa umejaa kuliko siku ya matokeo ya mtihani.

"Ngoja kwanza," Wanyonyi akasema, anajipapasa ubavuni. "Mimi mbavu zilivunjika lini na sikuambiwa?"

"Na mimi jino ni gani hilo?" mlinzi akauliza, mdomo wazi, meno yote yamo.

Nikawaomba kwa mikono miwili. Nikawaambia ni ya mkaguzi tu, kesho akiuliza mseme mlipona. Walikubali, tena kwa furaha kubwa, wakaanza kufanya mazoezi ya kuchechemea pale pale. Kisha wakafika kwenye ukurasa wangu, na kicheko kilicholipuka sijawahi kukisikia tena. Nikasogea kuangalia. Ile X yangu ya haraka haikukaa pajani. Ilikaa katikati. Katikati kabisa! Na mmoja wao akaipiga picha akaitupa kwenye grupu la simu, na nyinyi mnajua picha kama hiyo hailali njiani.

Sasa mjue kwamba nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nioe, mke wangu Nasimiyu hajapata mtoto bado, na wiki hiyo alikuwa ameenda kuwaona wazazi wake huko Mabanga, upande wa Bungoma. Jioni ile nilimpigia, simu haikupatikana. Nikalala.

Alhamisi mkaguzi akafika, mama mwembamba, mtaratibu, amekuja na gambuti zake mwenyewe. Hakutaka chai. Alifungua kitabu, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, penseli mkononi, kisha akasema kwa sauti ya chini anataka kuwaona majeruhi. Bosi akanitazama. Mimi nikatoka nje nikamwita Wanyonyi.

Wanyonyi akaingia anachechemea vibaya sana, mguu mmoja anauburuta, uso umekunjamana.

"Pole," mkaguzi akamwambia. "Uliumia wapi?"

"Mbavu, madam."

"Na mbavu ndizo zinafanya uchechemee?"

Wanyonyi akasimama kidogo, akafikiria, akaanza kuchechemea na mguu ule mwingine. Simiyu alipoitwa akaonyesha gumba la mkono wa kushoto, kumbe niliandika kulia, akabadilisha. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye soksi. Nilikuwa nawaza uongo wa kumi na tano utakaoziba huu mwingine, ndipo tukasikia vilio getini.

Ilikuwa pikapu kutoka Mabanga. Waliondoka alfajiri. Ndani yake mke wangu, macho yamevimba, shangazi zake wawili, mama wanne wa kanisa wakiimba, kuku mmoja, na mama mkwe wangu.

Mama mkwe! Kama wewe si wa kwetu nikueleze upesi: kwetu mtu na mama mkwe wake hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na ukimwona anakuja njiani unapotelea kwenye mahindi mpaka apite. Ndiyo heshima. Lakini ndani ya kwari hakuna mahindi. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaingia chini ya meza ya mkaguzi.

Wakajaa mlangoni. Nyuma yao kwari nzima ikaacha kazi ikaja. Mama mkwe akaingia, akageukia ukuta kama inavyotakiwa, akaongea na ukuta, lakini kwa sauti ya kusikika hadi kule chini wanakopasua mawe.

"Mimi sikuja kumwona mtoto wa watu. Nimekuja kuuliza swali moja. Binti yangu ako na bwana, ama hana?"

Nasimiyu akalia zaidi. Mkaguzi akafungua ukurasa wangu, akaangalia ile X, akainamisha kichwa chini ya meza akaniangalia na mimi. Ningeweza kukaa kimya. Lakini mwanaume ana mahali ambapo uongo unamshinda, na mimi nilipiga kelele kutoka chini ya meza: "Niko mzima, mama! Niko mzima kabisa! Sikuumia, ni mimi nilichora! Wote niliwachora!"

Kicheko! Watu walishikana mabega. Wanyonyi alikaa chini kwenye vumbi, mbavu sasa zikimuuma kweli. Hata mke wangu alianza kucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Nikatoka chini ya meza kwa magoti, na nikiri tu, kwa dakika moja niliona kama nimepona, kama mambo yataishia kwenye kicheko.

Mkaguzi peke yake hakucheka. "Kwa hivyo kwenye kitabu hiki chote hakuna hata mtu mmoja aliyeumia?"

"Hakuna, madam."

"Mimi niliumia," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Nafula. Kitambaa alichokuwa anafunikia jicho alikuwa amekishika mkononi. "Nitafute hapo. Wiki tatu namwambia aniandike. Nitafute."

Mkaguzi alimtafuta. Alianza ukurasa wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho, bila haraka, kidole kikipita kwenye kila jina, na kadiri kurasa zilivyofunguka ndivyo watu walivyonyamaza, hadi ikabaki sauti ya karatasi tu.

"Haumo," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Huyu mama unamjua?"

"Namjua."

"Aliumia?"

"Aliumia."

"Alikuja akitembea mwenyewe," Bosi akadakia.

Ndipo mama mkwe wangu akageuka kutoka ukutani. Aliniangalia usoni, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi, na watu wa kwetu waliokuwepo wakashika midomo. "Mtoto wa watu," akasema polepole, "wewe mzima umejiandika, huyu ukamwacha?"

Nilitamani anitukane, anipige na yule kuku, chochote kile asiendelee kuniangalia. Lakini alishaniacha, alimshika Nafula mkono, akamtoa nje, wale mama wa kanisa wakampisha akae mbele kwa dereva. Barua hatukungojea. Mkaguzi aliandika karatasi yake mwenyewe palepale, akanipa, akasema niende nao. Nikapanda nyuma na kuku, tukashuka Kitale.

Daktari alimwangalia muda mrefu. Akasema angeletwa wiki ile ya kwanza tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Sasa jicho lile linajua tofauti ya mchana na usiku, basi. Nafula alimshukuru. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa maegesho, mtu mzima, na sioni haya kuisema.

Kwari ilifungwa wiki kadhaa, Bosi akaondolewa, na kampuni ikaambiwa imtibu Nafula na kumpa kazi nyingine isiyo ya nyundo. Mimi walinibakisha, lakini kwanza nilipakia mawe miezi miwili na wale niliowavunja mbavu, na hapo sikupata huruma ya mtu. Nimeapa mbele ya mke wangu na mbele ya Mungu: mtu akija ofisini amekwaruzwa na mwiba, akitembea mwenyewe, akipiga mluzi, naandika kwanza. Wenzangu wananiita daktari, wanakuja kuniuliza leo nimepanga kumvunja nani. Wacha wacheke, haki yao. Nafula peke yake ndiye hacheki. Akipita mlangoni kwangu asubuhi anageuza kichwa chote ili anione kwa jicho lililobaki, ananisalimia vizuri kabisa, na mimi naitikia nikiangalia chini.